Mabamba manne ya kuzuia risasi: namna ya kuchagua kati ya alumina, kabidi ya silikoni, kabidi ya boroni na polithini

Mwandishi wa habari mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda eneo la mapigano aliniwekea mezani mabamba mawili ya fulana ya kuzuia risasi. Kwa macho yalikuwa pacha: upana wa sentimita 25 hivi, urefu wa 30, yamevikwa kitambaa kigumu cheusi, yamepinda kidogo kufuata kifua. Nilipoyanyanyua, moja kila mkono, bega langu la kulia lilishuka. La kulia lilikuwa na kilo tatu na robo, la kushoto kilo moja na nusu. Akaniuliza lipi bora. Nikamrudishia maswali mawili: huko uendako kuna silaha zenye risasi za aina gani, na wewe utalivaa bamba hili kwa saa ngapi kwa siku?

Wengi wanaonijia wamekwama hapo hapo. Wamesikia kwamba daraja la IV linazidi la III, kwamba kauri ni nyepesi kuliko chuma, kwamba polithini inaelea majini, na kila muuzaji anaapa kwamba lake ndilo lenyewe. Nimeyaweka hapa mabamba manne kando kwa kando: matatu ya kauri (alumina, yaani oksidi ya alumini, kabidi ya silikoni na kabidi ya boroni) na moja la polithini tupu, kwa sababu hilo ndilo mshindani halisi wa kauri kwa mtu anayetafuta wepesi.

Vigezo

Kila bamba nitalitazama kwa mambo sita: uzito na unene wake, risasi linazozuia, linavyostahimili risasi ya pili na ya tatu, utunzaji, gharama, na mtu linayemfaa.

Nimeanza na uzito kwa makusudi. Mabamba huvaliwa mawili, mbele na nyuma, kwa hiyo kila gramu mia unayoikubali dukani zinakuwa mia mbili mwilini. Juu yake kuna fulana yenyewe, kofia ngumu, maji, kamera au begi la dawa. Mtu aliyechoka hukimbia polepole, huinama kwa shida, na mwisho huvua fulana akaiacha kwenye kiti cha gari. Nimeziona fulana nyingi nzuri zikiwa zimeachwa kwenye kiti cha gari.

Hesabu ya haraka itakusaidia. Bamba la sentimita 25 kwa 30 lina eneo la sentimita mraba 750. Kila milimita moja ya unene wake, likiwa la chuma, ina takriban gramu 590. Ya alumina ni 290. Ya kabidi ya silikoni ni 240. Ya kabidi ya boroni ni 190. Ya polithini ni gramu 73 tu. Namba hizi pekee hazitoshi, maana vifaa hivi haviwekwi kwa unene sawa, ila zinaonyesha kwa nini watu wanakubali kulipa zaidi kwa kauri fulani kuliko nyingine.

Madaraja yanasema nini hasa

Kipimo kinachotajwa sana duniani ni cha NIJ, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Toleo lililotawala soko kwa miaka mingi ni 0101.06 la mwaka 2008. Humo mna madaraja matano. IIA, II na IIIA yanahusu risasi za bastola, na kwa kawaida hutimizwa na fulana laini ya nyuzi isiyo na bamba lolote. III na IV yanahusu bunduki, na hapo ndipo bamba gumu linapohitajika.

Katika daraja la III, bamba hupigwa risasi sita za NATO za milimita 7.62, aina ya M80, zenye gramu 9.6 na kasi ya mita 847 kwa sekunde. Katika daraja la IV hupigwa risasi ya kutoboa deraya, aina ya M2 AP, yenye gramu 10.8 na kasi ya mita 878 kwa sekunde. Idadi inayotakiwa hapo ni risasi moja. Sita kwa III, moja kwa IV. Daraja la IV linakuhakikishia kwamba bamba limezuia risasi kali zaidi. Wingi wa risasi ni habari nyingine. Mtengenezaji anaweza kuwa amelipiga bamba lake risasi tatu na likahimili, na akikwambia hivyo mwombe maandishi, kwa sababu kipimo hicho hakikumlazimisha kufanya hivyo.

Nyuma ya bamba, wakati wa jaribio, huwekwa udongo laini. Hata risasi isipopenya, bamba hubonyea kuelekea ndani, na bonyeo linalobaki kwenye udongo halipaswi kuzidi kina cha milimita 44. Huwa nawaomba watu wachukue rula wapime, kwa sababu wengi hushtuka. Ni karibu upana wa vidole viwili na nusu vilivyobanana. Bamba linaweza kufanya kazi yake sawasawa na mbavu zikavunjika, au pafu likapata jeraha la ndani. Mwenzako akipigwa kwenye bamba, mpeleke hospitali hata kama huoni tone la damu.

Mwaka 2023 NIJ ilitoa toleo jipya, 0101.07, pamoja na waraka wa pili, 0123.00, unaoorodhesha risasi zenyewe. Majina yamebadilika. HG1 na HG2 ni ya bastola. RF1, RF2 na RF3 ni ya bunduki. RF1 ni jamaa wa lile la III, lakini sasa bamba hupigwa pia risasi ya 7.62×39 yenye kiini cha chuma laini, ile ya bunduki za jamii ya AK, pamoja na M193 ya milimita 5.56. RF2 linabeba yote ya RF1 na kuongeza M855, nayo ya milimita 5.56. RF3 ndilo lililochukua nafasi ya IV.

Kwa nini RF2 ilihitajika? Jibu lake limewaokoa watu, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu. M855 ni risasi ndogo, gramu 4 tu, na M80 ina zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Akili ya kawaida inasema bamba linalozuia kubwa litazuia ndogo. Lakini M80 ndani yake ni madini laini ya risasi, ambayo hubapa yakigonga bamba. M855 ina ncha ya chuma ndani, na ni nyembamba na yenye mbio. Ikikutana na polithini tupu, inaweza kujipenyeza katikati ya nyuzi na kutokea upande wa pili. Mabamba mengi yaliyobeba daraja la III kwa haki kabisa yalitobolewa na risasi hii ndogo. Watengenezaji wakaanza kuandika "III+" kwenye mabamba yanayoizuia. Hilo halijawahi kuwa daraja la NIJ. Kila kampuni inalipa maana yake, kwa hiyo ukiliona uliza majina ya risasi zilizotumika, uzito wake na kasi yake. Asiyeweza kukujibu hayo matatu usinunue kwake.

Zipo nchi zenye vipimo vyake. Urusi ina GOST yenye madaraja ya Br1 hadi Br6, Ulaya inatumia sana VPAM, na Uingereza ina vyake. Usilinganishe kwa namba, kwamba Br4 ni sawa na IV. Linganisha risasi kwa risasi.

Kauri inavyofanya kazi

Risasi ya kutoboa deraya ina kiini cha chuma kigumu sana. Kauri ni ngumu kuliko kiini hicho. Vinapokutana, ncha ya kiini huvunjika au kubutuka kabla haijaingia ndani. Kauri nayo hupasuka, na mpasuko wake una umbo la pia: mwembamba mbele, mpana nyuma. Nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha ndogo kuliko ukucha inatandazwa kwenye eneo pana. Nyuma ya kauri kuna tabaka la nyuzi za polithini au aramidi (jamii ya Kevlar), na kazi yake ni kudaka vipande vya risasi na vya kauri yenyewe. Bila tabaka hilo kauri ni kigae tu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1918 Meja Neville Monroe Hopkins aligundua kwamba chuma kilichopakwa tabaka jembamba la enameli kinastahimili risasi vizuri zaidi. Katika miaka ya 1960 wahudumu wa helikopta za Marekani huko Vietnam walikuwa tayari wanavaa mabamba ya kauri vifuani.

Alumina

Uzito na unene. Ndiyo kauri nzito kati ya hizi tatu. Bamba la daraja la IV la alumina mara nyingi huwa na kilo 3 hadi 3.6, kwa hiyo mawili yanakaribia kilo 7 kabla hujaongeza kitu kingine.

Linachozuia. Likiwa na tabaka zuri la nyuma, linazuia M2 AP. Mengi ya mabamba ya daraja la IV ya bei nafuu yametengenezwa kwa alumina, na hayana aibu yoyote kwenye kazi hiyo.

Risasi ya pili. Likiwa kipande kimoja, nyufa hutawanyika mbali na mahali palipogongwa. Risasi ya pili ikitua mbali na ya kwanza, bado inakuta kauri yenye nguvu. Ikitua karibu, inakuta unga.

Utunzaji. Haya ninayosema yanahusu kauri zote tatu. Adui mkubwa ni kuangushwa, hasa kwa pembe. Niliwahi kupewa fulana ya ofisi fulani ambayo watu walikuwa wakipokezana. Kitambaa cha bamba hakikuwa na hata mkwaruzo. Nikalitoa, nikalishika kwa mikono miwili kwenye pembe zinazokabiliana, nikalikunja taratibu kama anayekamua nguo. Likatoa mlio wa mchanga ukisagika ndani ya mfuko. Baadaye mmoja wao akakumbuka kwamba lilidondoka kutoka kwenye buti la gari, likatua kwenye zege. Walikuwa wamelivaa miezi kadhaa tangu siku hiyo. Njia ya uhakika ni eksirei, ambayo majeshi huitumia kukagua mabamba yao. Asiye na eksirei afuate maelekezo ya mtengenezaji ya ukaguzi, aandike tarehe ya kila mdondoko mzito, na likitia shaka aliweke kando. Sifa ya kauri hizi ni kwamba joto la kawaida la buti la gari haliziathiri. Kinachoweza kuathirika ni gundi na tabaka la nyuma.

Gharama. Ndilo rahisi kuliko mengine ya kauri. Unga wake unapatikana kwa wingi na huchomwa kwenye tanuri bila kuhitaji kushindiliwa kwa mashine wakati wa moto.

Linamfaa nani. Mlinzi wa lango au wa msafara anayekaa sana ndani ya gari, na shirika lenye watu ishirini wa kuvisha na bajeti isiyoruhusu vinginevyo. Watu ishirini wenye alumina wako salama kuliko watano wenye boroni na kumi na watano wenye shati tu.

Kabidi ya silikoni

Uzito na unene. Ni nyepesi kuliko alumina kwa karibu moja ya tano, na ni ngumu zaidi, hivyo inaweza kuwekwa nyembamba kidogo. Mabamba yake ya daraja la IV kwa kawaida yako kati ya kilo 2.3 na 3.

Linachozuia. Risasi zile zile za IV, zikiwemo za viini vigumu. Hapa angalia jambo moja. Kuna kabidi ya silikoni iliyochomwa hadi chembe zake zikashikana zenyewe, na kuna ile iliyoshikanishwa kwa kumiminiwa silikoni iliyoyeyuka. Ya pili huwa rahisi, lakini silikoni inayobaki katikati ya chembe ni laini kuliko kabidi. Zote zinaweza kufaulu jaribio, ila usishangae mabamba mawili ya "silikoni" yakiwa na bei mbili na uzito tofauti.

Risasi ya pili. Tabia yake inafanana na ya alumina. Umbo la vipande na ubora wa tabaka la nyuma vina uzito mkubwa hapa kuliko jina la kauri.

Utunzaji. Kama alumina.

Gharama. Katikati.

Linamfaa nani. Mtu anayetembea kwa miguu siku nzima mahali ambapo risasi za kutoboa deraya ni hatari ya kweli: daktari wa dharura, mpiga picha, mtegua mabomu anayekwenda na kurudi. Kwa watu wengi wa namna hii ndilo huwa nawatajia kwanza walipime mabegani.

Kabidi ya boroni

Uzito na unene. Hapa ndipo kauri inapofikia wepesi wake. Uzito wake kwa ujazo ni chini ya theluthi moja ya uzito wa chuma. Mabamba ya SAPI ya jeshi la Marekani, yaliyotengenezwa kwa kabidi ya boroni au ya silikoni yakiwa na polithini nyuma, yalikuwa na takriban kilo 1.8 kwa saizi ya kati. Yaliyofuata, ESAPI, ambayo yalitakiwa kuzuia risasi kali zaidi, yalipanda hadi kilo 2.5 hivi kwa saizi hiyo hiyo. Hata kwa jeshi tajiri kinga zaidi imekuja na uzito zaidi.

Linachozuia. Ni miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote vinavyojulikana, na vya kuizidi ni vichache, almasi ikiwa mojawapo. Dhidi ya viini vya chuma inafanya kazi nzuri sana kwa uzito wake. Lakini ina udhaifu wake. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza vipande vya mabamba yaliyopigwa waliona kwamba chini ya mgandamizo mkubwa kupita kiasi fuwele za kauri hii hupoteza mpangilio wake katika mistari myembamba sana, zikawa kama kioo. Hapo nguvu yake hushuka ghafla. Kwa sababu hiyo, kwa risasi zenye kasi ya juu sana au viini vizito kama vya kabidi ya tangsteni, kabidi ya silikoni inaweza kuwa chaguo bora ingawa ni nzito zaidi.

Risasi ya pili. Usitarajie muujiza kwa sababu ya bei. Nayo hupasuka.

Utunzaji. Kama zilizotangulia, na kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kulibadilisha ni gharama.

Gharama. Ya juu kuliko zote. Ili iwe ngumu bila matundu, unga wake mara nyingi hushindiliwa na kuchomwa kwa wakati mmoja kwenye joto la karibu sentigredi 2,000. Mashine hutoa vipande vichache kwa siku.

Linamfaa nani. Anayebeba mzigo mkubwa kwa umbali mrefu, anayepanda milima, anayepanda na kushuka helikopta, au mwenye mwili mdogo ambaye kilo moja ya ziada ni sehemu kubwa ya uzito anaoweza kubeba.

Polithini tupu

Uzito na unene. Mabamba ya daraja la III ya nyuzi za polithini huwa na kilo 1.3 hadi 1.8. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yanaelea. Lakini ni manene, mara nyingi milimita 20 hadi 30, na chini ya koti hayajifichi.

Linachozuia. Risasi za bastola na za bunduki zenye madini laini ndani, kwa ustadi mkubwa. Dhidi ya ncha za chuma hapo ndipo linapoishia, kama nilivyoeleza kuhusu M855. Lisilo na kauri mbele halizuii M2 AP kwa unene unaovalika.

Risasi ya pili. Hapa linaziacha kauri mbali. Halipasuki, kwa hiyo risasi inayotua vidole vichache kutoka kwa ya kwanza bado inakuta nyuzi nzima.

Utunzaji. Likidondoka halivunjiki, na hilo ni faraja kwa mtu anayerusha begi kwenye gari mara kumi kwa siku. Adui yake ni joto. Nyuzi hizi huyeyuka karibu sentigredi 145 na hudhoofika mapema zaidi. Soma kiwango ambacho mtengenezaji ameweka, usiliache kwenye dashibodi wala buti lililofungwa juani, usilikaushe karibu na moto.

Gharama. Hutegemea sana, lakini mara nyingi hukaa juu ya alumina na chini ya boroni.

Linamfaa nani. Anayeshughulika na maeneo ambayo hatari ni bastola na bunduki za kawaida, anayevaa fulana kwa saa nyingi, na hasa anayefanya kazi kwenye boti.

Kati ya hili na kauri kuna chotara: bamba la polithini lililowekewa kauri nyembamba mbele ili livunje ncha ya M855. Hayo ndiyo yanayolenga RF2, na mengi yana kilo 2 au zaidi kidogo. Kama hujui risasi zipi zitakuwepo ila unajua bunduki za 5.56 zimeenea, anza kutafuta hapo.

Nimeliacha bamba la chuma nje ya ulinganisho, na sababu ni hii. Lina unene wa milimita 6 tu na halijali kudondoshwa, lakini lina kilo karibu 4, risasi husambaratika juu yake na vipande vikaruka kuelekea shingoni na mikononi, na M193 ikipigwa kwa karibu kwa kasi yake kamili inaweza kukitoboa chuma kigumu kinachotumika sana kwa mabamba haya. Rangi nene inayopakwa juu hupunguza vipande, haiviondoi.

Mambo ambayo jina la kauri halikuambii

La kwanza ni kama kauri ni kipande kimoja au vigae. Bamba la vigae vidogo vilivyopangwa kama sakafu huzuia ufa usivuke mpaka wa kigae, kwa hiyo hustahimili risasi nyingi vizuri zaidi. Lakini maungio ya vigae ni mahali dhaifu, na kuyaimarisha huongeza uzito. Kipande kimoja kina nguvu sawa kila mahali hadi kipigwe. Anayehofia kurushiwa risasi mfululizo ana sababu ya kuuliza vigae. Anayehofia risasi moja kutoka mbali, kipande kimoja kinamfaa.

La pili, na limewahi kunitia hofu kuliko mengine yote, ni kama bamba linajitegemea. Baadhi ya mabamba mepesi yalipimwa yakiwa yamewekwa juu ya fulana laini ya daraja fulani, na wepesi wake unatokana na hilo. Ukilivaa bamba hilo peke yake kwenye mfuko mtupu, daraja lililoandikwa halipo tena. Lebo husema wazi kama bamba ni la kuvaliwa peke yake au pamoja na fulana, na ni fulana ipi. Mwandishi yule wa mwanzo, bamba lake jepesi la kilo moja na nusu lilikuwa la aina hii, na fulana laini hakuwa nayo.

La tatu ni upande. Bamba la kauri lina uso wa kupokea risasi, na lebo huuonyesha. Likigeuzwa, risasi inakutana na nyuzi kwanza na kauri mwisho, na mpango mzima unavurugika. Fungua mfuko uhakikishe kwa macho yako kila unapopewa fulana iliyotumiwa na mwingine.

Saizi pia. Ukingo wa juu wa bamba ukae kwenye kishimo cha chini ya koo, upana ufunike eneo la kati ya chuchu, na chini liishie vidole kadhaa juu ya kitovu. Bamba linafunika moyo, mishipa mikubwa na sehemu kubwa ya mapafu. Halikusudiwi kufunika tumbo lote, na anayenunua kubwa kupita mwili wake hawezi kuinama wala kuketi kwenye gari.

Mwisho, bamba "lililopimwa kwa kiwango cha NIJ" si sawa na lililothibitishwa. NIJ huchapisha orodha ya modeli zilizopita, kwa jina la kampuni na namba ya modeli. Tafuta namba iliyo kwenye lebo ndani ya orodha hiyo, herufi kwa herufi. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa na muda wa dhamana, ambao kwa mabamba mengi ni miaka 5. Na kabla ya kuagiza au kusafiri nalo, uliza sheria ya kila nchi utakayopita. Nyingi hudai kibali, na Marekani inadhibiti kwa sheria mabamba yanayotoka nchini mwake, ya daraja la IV kwa ukali zaidi.

Kwa kila hali, pa kuanzia

Ikiwa hatari yako ni bastola tu, huhitaji bamba lolote kati ya haya. Fulana laini ya IIIA au HG2 itakutosha na utaivaa siku nzima bila kulalamika.

Ikiwa kuna bunduki lakini hakuna dalili za risasi zenye ncha ya chuma, na unavaa saa nane au zaidi, polithini ya III au RF1 inayojitegemea. Ikiwa gari lako hushinda juani, hamia kwenye chotara ya RF2 na bado usiiache ndani.

Ikiwa bunduki za 5.56 zimeenea, au hujui kitakachokuwepo, RF2.

Ikiwa wapiganaji au wadunguzi wana risasi za kutoboa deraya, IV au RF3 bila kujadiliana. Hapo uamuzi unaobaki ni wa kauri: alumina kwa zamu fupi na kazi ya garini, kabidi ya silikoni kwa kutembea, kabidi ya boroni kwa umbali mrefu au mwili mdogo kama bajeti inaruhusu.

Ikiwa fulana zinapokezanwa na watu wengi, chagua mabamba yanayojitegemea ili asiyejua asikosee, na mpe mtu mmoja daftari la kuandika ukaguzi na midondoko.

Na kabla hujalipa, omba kulivaa. Vaa mawili, mbele na nyuma, pamoja na kila kitu utakachobeba siku ya kazi. Panda ngazi za jengo hadi juu, shuka, lala kifudifudi, inuka, kimbia mita mia moja, kisha ukae nayo saa mbili. Mwandishi yule alifanya hivyo na mabamba ya kabidi ya silikoni ya kilo 2.6 kila moja. Alirudi ametota jasho, akaketi bila kuivua, akaendelea kuniuliza maswali.